Wastani wa Chuo cha Mkadara

Hapo zamani, katika mji uliotawaliwa na Sultani Ngwali, palikuwa na mwalimu fukara jina lake Mkadara. Kanzu yake ilikuwa moja, na siku ya kuifua alifundisha akiwa amejifunga shuka. Chuo chake kilikuwa cha vijana waliokwishajua kusoma na kuandika, nao walikuwa sita.

Basi Sultani akaletewa alama zao, akaona watatu wako juu ya wastani na watatu wako chini. Akaghadhibika mno.

"Nusu ya vijana wangu wako chini ya wastani! Mkadara, nakupa siku saba. Wanafunzi wako wote wawe juu. Akibaki chini hata mmoja, chuo nakifunga, nalaza punda wangu humo."

Mkadara akainama. "Nimesikia, Seyyid yangu. Lakini juu ya wastani wa nani?"

"Wa wote watakaofanya mtihani, mpumbavu wewe! Jumla ya alama igawanywe sawasawa."

"Na aruhusiwaye kuufanya ni nani?"

"Yeyote atakaye!"

Ikawa siku zile saba hapana aliyefungua kitabu. Vijana walizunguka mjini na mbao zao za kuandikia wakihesabu: wanaoteka maji kisima hiki na kile, watoto wenye ukurutu, nyumba zinazofuka moshi wa jikoni wakati wa magharibi. Watu wakasema mwalimu ameingiwa na wazimu, na mimi ningalikuwapo ningalisema hivyo hivyo.

Siku ilipofika, Sultani akaja na wakuu wake watano. Mkadara alikwishatandika mkeka na kuweka mbao kumi na mbili.

"Hizi sita za ziada za nani?"

"Za yeyote atakaye, Seyyid yangu. Ila maswali yote kumi ni ya mji huu, na pengine ni magumu kwa wakubwa."

Kusikia hayo Sultani akavua makubadhi, akakaa mkekani. Wakuu nao wakakaa, maana bwana akiwa chini hapana awezaye kubaki wima. Wote wakaandika, na Mkadara akasahihisha pale pale, mbele ya macho yao.

"Wastani ni nne," akasema. "Wa mwisho katika wanafunzi wangu ni Mwanaidi, naye amepata sita. Wote wako juu."

"Na mimi je?"

"Wewe umetusaidia sana, Seyyid yangu."

Sultani akautazama ubao wake: sufuri. Akacheka hata kilemba kikamlegea. Kisha jicho lake likaangukia swali la tano: katika nyumba mia za mtaa wa Wafinyanzi, ni ngapi haziwashi moto wa kupikia jioni? Yeye alikuwa ameandika, "Hakuna." Mwanaidi alikuwa ameandika, "Thelathini na moja."

"Umejuaje, binti?"

"Nimezihesabu, Seyyid yangu. Jioni tatu, maana jioni moja ingeweza kuwa bahati mbaya tu."

Kicheko kikamkatika. Aliona haya, na haya zile zilimkaa vizuri. Ghala la nafaka likafunguliwa siku ile ile, Mkadara akapewa kanzu ya pili, na punda wakabaki zizini mwao.

Mwaka uliofuata wanafunzi wa chuo kile walikuwa saba, na watatu kati yao wakawa tena chini ya wastani. Hapana aliyeghadhibika. Sultani alikuwa mmoja wa wale watatu, ana alama nne, naye alikwenda akiwaonyesha watu ubao wake mtaa mzima.