Daraja la Kwenye Ramani

Meza ya kulia ilifunikwa yote na ramani ya msitu wa mlimani, pembe zake zimekandamizwa kwa vikombe vinne. Aliyeichora ni mwenye nyumba mwenyewe, mchora ramani mstaafu, ambaye jamaa zake walimwita Mzee Rula kwa kuwa hakukubali jambo lisilopimika. Penseli yake ilikuwa imefika kwenye kibanda cha magogo walichokikodi kwa siku tatu.

"Gari linaishia hapa," alisema. "Halafu daraja, halafu kibanda. Kilomita moja na robo. Utatembea kama unakwenda dukani."

Mkewe, muuguzi mstaafu, aliinama kutazama. Miezi mitano nyuma alikuwa amepasuliwa nyonga. Daktari alimruhusu kutembea kilomita tatu kwa siku kwenye njia tambarare, akamkataza kabisa miteremko mikali. Tangu hapo hakuvuka lango la nyumba ila kwa kwenda kliniki. Safari hii aliiomba mwenyewe.

"Baba, nikishindwa njiani nikabebwa kama gunia, sitathubutu tena kutoka," alisema. "Mpigie Bwana Misitu wa huko, umuulize njia ikoje."

Mzee Rula alicheka kwa pua. "Nimuulize njia niliyoichora kwa mkono wangu? Tangu lini sonara akaulizia dhahabu mtaani?"

"Uliichora lini?"

"Miaka kumi na tisa iliyopita. Mlima hauhami, mama."

"Mlima hauhami, lakini mbao zinaoza." Alichukua simu, akabonyeza namba iliyokuwa kwenye karatasi ya kukodi, akafungua spika.

"Shikamoo, mama," Bwana Misitu alipokea.

"Marahaba, mwanangu. Nina nyonga mbovu na maswali mengi. Daraja la kwenda kibandani ni zima?"

"Daraja lipi, mama? Lilizolewa na mafuriko miaka mitatu iliyopita. Siku hizi wageni wanateremka korongoni kwa kamba, wanapanda ng'ambo kwa magoti."

Penseli ya Mzee Rula ilisimama. Uso ulimnywea kama karatasi iliyolowa. Mkewe hakumtazama, mtu aliyefunga vidonda vya watu kwa miaka thelathini hatoneshi kidonda bure.

"Hakuna njia nyingine?"

"Ipo barabara ya zamani ya trekta la magogo. Inazunguka, kilomita mbili na nusu, lakini tambarare. Trekta halipandi ngazi, mama."

Mzee Rula alijikohoza. "Bwana Misitu, mimi ndiye mumewe. Barabara hiyo inaanzia wapi hasa?"

Alipoanza, hakukoma. Pa kupumzika papo? Maji ya kunywa yanatoka wapi? Choo kina vidato vingapi? Kuni zinakaa pakavu? Aliuliza maswali kumi na saba, akaandika majibu pembezoni mwa ramani, kisha akachukua kifutio akalifuta daraja.

"Leo umeuliza mpaka kuni!" mkewe alimtania.

"Niache, napima."

Jumamosi iliyofuata walianza kutembea saa tatu asubuhi. Walipumzika mara nne, kwenye magogo ambayo Bwana Misitu alikuwa ameyalaza kando ya njia baada ya ile simu. Katika kilomita ya pili nyonga iliuma, kisha ikatulia. Saa tano kasoro robo mama yule alipanda vidato viwili vya kibanda kwa miguu yake mwenyewe, akafungua dirisha. Msitu ulikuwa umetanda mbele yake, ukinukia mvua na utomvu. Chini, upande wa kushoto, kamba zilining'inia korongoni.

Mzee Rula alizitazama. "Tungepita kule, tungegeuza gari turudi nyumbani," alikiri. "Na wewe usingetoka tena."

"Basi nimeshatoka. Kesho nataka kuyaona maporomoko. Ni mbali?"

Mumewe alifungua kinywa kutaja kipimo, akakifumba. "Ngoja nimuulize Bwana Misitu."

Ramani nzuri hupitwa na wakati, na aliyeichora pia. Ndiyo maana kuuliza si ujinga.