Komeo la Lango la Wahunzi

— Paukwa.
— Pakawa.
— Pakawa na kubwa?
— Pakawa na dogo kando yake.
— Dogo lilikuwa na nini?
— Lilikuwa na ulimi.

Basi kaeni vizuri, na mwenye kukohoa akohoe sasa.

Hapo kale, mende hajaota mabawa, palikuwa na nchi mbili zilizopakana. Kubwa iliitwa Udomba. Ndogo iliitwa Kitundwe. Kitundwe, si Kitunda wala Kitundu. Tundu ni la kuku. Nalisema mapema kwa sababu Mtemi wa Udomba, Lugembe mwana wa Ihuna, hakupata kulitaja jina hilo sawasawa. Mkubwa masikio yake huwa mbali.

Udomba walikuwa na wahunzi. Jembe lililolima Kitundwe lilifuliwa Udomba, likapita Lango la Wahunzi, kwenye mwanya kati ya milima miwili. Kitundwe walikuwa na chemchemi za chumvi. Walichota maji, wakayachemsha vyunguni, yakakauka, ikabaki chumvi nyeupe. Jembe likaenda huku, chumvi ikaenda kule, watu wakaishi.

Siku moja Lugembe akasema, "Chumvi yote ya Kitunda iuzwe kwangu peke yangu, kwa bei nitakayoitaja mimi. Wasipotaka, lango lifungwe."

Likafungwa. Komeo likapitishwa, gogo la mninga lililochongwa pande nne, na majembe yakalala upande wa pili.

Na mvua, mnazijua mvua. Hazingoji wakubwa wamalize mazungumzo.

Kitundwe ilitawaliwa na Mtemi Kasanda, mtu mpole. Alikuwa na dada yake, Nyamizi binti Igulu. Jembe la Nyamizi lilikuwa limelika hata likabaki kama ulimi, na ulimi wake ulikuwa mkali kama jembe jipya. Watu walimpenda kwa mbali.

Kasanda akamtuma mjumbe wa kwanza, Kapambala, na mtungi wa asali. Kapambala akaenda, akarudi.

"Wamesemaje?"

"Mtemi Lugembe anasema yeye ni baba yetu. Mtoto hauzi kitu bila ruhusa ya baba. Tukikubali, lango litafunguliwa."

"Nawe ukasemaje?"

"Nikasema tumbo linaniuma, nikarudi."

Akamtuma mjumbe wa pili, Luhaga, na ngozi ya chui. Luhaga akaenda, akarudi.

"Wamesemaje?"

"Sasa anasema yeye ni kaka yetu mkubwa. Kisima cha mdogo, mkubwa hunywa kwanza. Tukikubali, lango litafunguliwa."

"Nawe ukasemaje?"

"Nikasema kaka yangu mkubwa yuko nyumbani, ngoja nikamuulize."

Kasanda akatazama mawingu. Yalikuwa yameanza kujazana upande wa mashariki. Akasema, "Nitakwenda mwenyewe kupiga magoti. Chemchemi nizitoe, watu wapate kulima."

Nyamizi akasema, "Kaka, nipe safari moja."

"Na huo ulimi wako?"

"Nitaufunga."

"Ukifunguka?"

"Utafunguka mahali pake."

Kasanda akacheka bila kupenda. "Haya. Lakini ukirudi mikono mitupu, kesho yake natoka, na chemchemi zimekwenda. Umenisikia, dada?"

"Nimekusikia."

Nyamizi akajifunga nguo, akachukua fungu la chumvi, akashika njia. Moyoni alijua kwamba nyuma yake kuna nchi nzima imeshika mipini isiyo na majembe. Mnanifuata?

— Tunakufuata.

Akafika Udomba. Akakuta ngoma kimya. Akakuta moto haukokwi. Akakuta watu wamekaa uani kwa Mtemi, vichwa chini, na katikati yao kaburi wazi.

Aliyekufa alikuwa Kishosha, mjomba wa Mtemi. Amekufa tangu jana. Amekwisha oshwa, amekwisha vikwa, na jua linapanda. Walio hai huweza kusubiri. Marehemu hana subira kama yao.

Nyamizi akamwinamia bibi mmoja aliyekaa pembeni, akamuuliza kwa sauti ya chini, "Bibi, mnangoja nini?"

"Tunangoja mtani, mwanangu."

Nanyi mnaujua utani. Kabila hili na kabila lile huwa watani, wakatukanana bila kugombana. Penye msiba mtani huja kumcheka marehemu na wafiwa, akazuia kazi mpaka apewe kitu. Udomba walizidi hapo: kaburi lao halikufungwa mpaka mtani aingie ndani kwanza, alale, atanie. Waliamini kaburi lisilochekwa hupasuka.

"Kwani watani wenu wamekwenda wapi?"

Bibi akatazama huku na huku. "Sikiliza."

Mwenye mila wa Udomba, mzee Masele, alikuwa amesimama. Akaita, "Wasonga, ninyi mlikuwa watani wetu. Ingieni."

Wasonga wakasema, "Tulikuwa. Kisha Mtemi akatuambia sisi ni watoto wake. Mtoto akimtania baba kaburini, hupata laana."

Akaita, "Wahembe, ninyi mlikuwa watani wetu. Ingieni."

Wahembe wakasema, "Tulikuwa. Kisha Mtemi akatuambia sisi ni wadogo zake. Basi sisi ni wafiwa. Mfiwa hulia, hatanii."

Akaita, "Wakwimba."

Hakuna aliyeitika. Wakwimba walikuwa wamemezwa zamani, na sasa walijiita Wadomba kama Wadomba wengine.

Mtemi Lugembe alikaa kwenye kiti chake cha miguu mitatu. Alikuwa amezunguka nchi zote, hii ameifanya mtoto, hii ameifanya mdogo, hii ameimeza, na sasa hakubaki hata mmoja wa kumzikia mjomba. Mkubwa yule siku hiyo alionekana mdogo.

Nyamizi akaona mahali pa ulimi wake ni hapa. Akasimama. Alijua akikosea, nchi imekwisha. Akapita katikati ya watu, akafika ukingoni, akaruka ndani ya kaburi.

Watu wakaguna.

"Nani huyo?" Lugembe akauliza.

Sauti ikatoka shimoni. "Nyamizi binti Igulu, wa Kitundwe."

"Wa Kitundo? Nani amekuita?"

"Sikuitwa. Ulituma kusema sisi ni watoto wako. Mjumbe wetu hakukubali. Ukatuma kusema sisi ni wadogo zako. Mjumbe wetu hakukubali. Adui hazikani na adui, nami nimekuja kuzika. Sasa, Mtemi, niambie wewe: nimebaki nani?"

Lugembe akamtazama Masele. Masele akatazama jua. "Amebaki mtani, Mtemi."

"Basi," Lugembe akasema taratibu, "na atanie."

Nyamizi akalala kifudifudi, akajigeuza chali, akanyoosha miguu. "Kaburi gani hili? Mbona pana hivi? Ah, ni Wadomba. Wao kila kitu kikubwa, isipokuwa kibaba cha kupimia bei."

Mtu mmoja akakohoa ili asicheke.

"Na wewe Kishosha, mzee wangu, nilikujua. Ulikuwa ukija kununua chumvi kwetu." Akakaa, akafungua fungu lake, akaibadili sauti ikawa nene kama ya marehemu. Akalamba kidole. "Mm. Hii haina chumvi." Akalamba tena. "Mm. Hii ya mwaka jana." Akachota kiganja kizima. "Mm. Hebu nionje vizuri. Jamani, mbona fungu ni dogo? Nani ameila?"

Wa kwanza kucheka alikuwa mjane mwenyewe. Akashika mbavu, machozi yakimtoka, akasema, "Ndiye. Wallahi ndiye huyo, na nyumbani alikuwa hivyo hivyo." Wakacheka Wasonga, wakacheka Wahembe. Mtemi Lugembe akauma mdomo. Ukamshinda. Akacheka hata kiti kikalia.

Sasa maiti iteremshwe. Lakini Nyamizi hakutoka.

"Mtani, toka tuzike."

"Sijapewa changu."

"Mpeni mbuzi."

"Mbuzi wenu ana kwato mbaya."

"Mpeni ng'ombe."

"Ng'ombe atanicheka njiani."

"Mpeni shanga za kiunoni, za rangi."

"Atakayeziona nani? Mtemi, mtani hapangiwi. Mtani huomba."

Masele akatikisa kichwa kukubali, akaitaja sheria. "Mtani ataomba kinachobebeka kichwani mwake, akibebe mwenyewe mpaka kwake. Hanyimwi."

"Omba," Lugembe akasema.

"Naomba komeo la Lango la Wahunzi."

Mshauri wa Mtemi akamwinamia bwana wake, akanong'ona, "Mtemi, tukitoa komeo, lango tutalifungaje?"

"Nimekusikia," Nyamizi akasema kutoka shimoni. "Huku chini sauti hufika vizuri sana."

Lugembe akamtazama mjomba wake aliyefungwa shuka. Akatazama jua. Akawatazama watu, na watu walikuwa wakimtazama yeye. Akasema, "Kaleteni."

Wanaume wakalileta. Nyamizi akatoka kaburini, akasokota kata ya majani, akaiweka kichwani, akatwishwa. Shingo ikalia ka. Hakusema kitu, ndiyo mara pekee siku ile. Kishosha akazikwa vizuri, kaburi likafungwa, wala halikupasuka.

Nyamizi akatembea na gogo lile, akipumzika hapa, akitweta pale. Akapita Lango la Wahunzi likiwa wazi kama mdomo wa mtu aliyeshangaa. Wahunzi wakatazamana. Wakajitwika majembe, wakamfuata. Kabla tone la kwanza halijaanguka, Kitundwe walikuwa wanalima.

Seremala wa Udomba akamwendea Mtemi. "Nichonge komeo jingine?"

Lugembe akafikiri. "Ukichonga, watani watasema nini siku ya mazishi yangu mimi?"

Halikuchongwa. Kitundwe wakaiuza chumvi kwa Wadomba, na kwa mwingine yeyote aliyekuwa na kinywa. Mdomba akipita Kitundwe huchota chumvi kidogo bila kuuliza, na Mtundwe humwita mla mboga chapwa. Hawagombani.

Mnadhani imekwisha? Utani ni njia, nayo huendwa na kurudiwa.

Miaka ikapita, Mtemi Kasanda akafa. Nyamizi alikuwa analia ukingoni mwa kaburi la kaka yake aliposikia ngoma za Udomba. Lugembe alikuja mwenyewe, mzee sasa, tumbo mbele. Akateremshwa kaburini na watu wanne. Akalala, akajaa.

"Kasanda," akasema, "mtu mpole. Alikuwa akitaka kusema hapana, anamtuma dada yake."

Nyamizi akacheka akiwa analia. Lakini alijua kinachofuata.

"Sitoki," Lugembe akasema. "Naomba changu."

"Omba, mtani."

"Naomba chemchemi zenu za chumvi. Zote."

Watundwe wakashika vifua. Miaka yote ile waliogopa lango, kumbe mlango wa kuzipoteza ulikuwa huu huu wa utani.

Nyamizi akafuta machozi kwa upindo wa nguo. Akatwaa kata ya majani, akamrushia kaburini.

"Zichukue, mtani. Ukizitua njiani, usizimwage."

Lugembe akaishika ile kata, akaigeuzageuza. Alikuwa mtu mkubwa lakini hakuwa mpumbavu. Tumbo likaanza kutikisika. Akacheka mpaka udongo wa ukingoni ukamporomokea.

"Basi nirudishie komeo langu. Lile linabebeka, na mimi nina kichwa."

"Lile," Nyamizi akasema, "tulipikia chumvi siku ile ile nilipofika. Kuni za mninga zina moto mzuri. Ndiyo chumvi uliyokula wewe mwaka ule, ukasema haina chumvi, kama mjomba wako."

Ikawa kazi kumtoa kaburini, kwa uzito na kwa kicheko. Alipokwisha kutoka, akachukua chumvi kiganja kimoja, akaishika imara.

"Hii inanitosha," akasema. "Na tumzike sasa Mtemi wa Kitundwe."

Alisema Kitundwe. Si Kitunda, wala Kitundo.

Ngano yangu naitua hapo. Mwenye kichwa na aibebe mpaka kwake. Na akiiona nzito, aipikie chumvi.