Bakuli la Kwanza la Supu ya Mzazi

Zuwena, rudisha bakuli hilo. Najua dada yako amejifungua juzi, na chungu hiki nimekibandika tangu alfajiri kwa ajili yake. Lakini bakuli la kwanza si lake. Kaeni chini nyote. Supu ya makongoro haipoi haraka, mafuta yameifunika juu, na mimi sina mbio.

Hapo kale, hapa hapa Kitopeni, supu ilifuata kilio cha mtoto. Ndivyo walivyosema wenyewe. Mtoto akilia, chungu kinabandikwa: miguu ya ng'ombe, pilipili manga, tangawizi, vitunguu saumu, moto mdogo kutwa nzima mpaka mfupa uachie kilichomo ndani. Siku arubaini mfululizo mzazi alikunywa yeye peke yake. Mpishi hakuruhusiwa kuonja hata tone. Chumvi aliipima kwa kiganja, basi. Na mtoto asipolia, chungu hakikubandikwa. Mama yake alipewa siku tatu za kulala, siku ya nne akashika ufagio.

Msinitolee macho. Hawakuwa watu wabaya. Waliona supu ni ya kuleta maziwa, na maziwa ni ya mtoto. Hapo ndipo akili yao ilipoishia.

Basi palikuwa na mama mmoja akiitwa Bi Mwanakheri. Alikuwa na binti, Sikudhani, aliyeolewa mbali, na mtoto wa kiume aliyekaa naye hapo nyumbani na mkewe, Mashavu. Sikudhani alipofikisha miezi minane alirudi kwa mama yake, kwa kuwa mtoto wa kwanza huzaliwa nyumbani kwa mama. Alizaa mtoto wa kike, mzima wa viungo, nywele tele. Hakulia. Walimpiga mgongo, wakampuliza puani, wapi! Jioni wakaenda kumzika.

Siku ya tano Mashavu naye akajifungua, na wake alilia mpaka majirani wakacheka. Chungu kikatafutwa. Bi Mwanakheri macho yake yalikuwa hayataki moshi tena, akatazama huku na huku nani wa kupika. Akamwona binti yake amekaa kibarazani, mikono mitupu. Akasema, "Mwanangu, mpikie wifi yako. Kazi itakusahaulisha."

Lahaula! Amsahaulishe nini? Tumbo lake lilikuwa bado halijarudi. Kila kichanga kilipolia chumbani, maziwa yake yalimtoka yenyewe, yakalowesha kanga. Aliikaza kifuani, akainama kuchochea kuni.

Akapika. Na alijua kupika, masikini, hakuna aliyemshinda. Moto hakuuacha uwake kwa hasira wala uzimike. Alikaa mbele ya mafiga toka alfajiri hadi alasiri, akivuta kuni moja, akisukuma nyingine, harufu ikimpanda puani, na yeye chakula chake ni muhogo wa jana. Siku zikaenda. Mashavu akanawiri, mashavu kweli kweli. Sikudhani alisikia baridi juani. Nywele zilimtoka kwenye kitana, magoti yakamtetemeka akinyanyua chungu. Alikuwa analia bila kujua kwa nini, kisha ananyamaza bila kujua kwa nini. Ninyi mnaokwenda kliniki mmeambiwa mambo hayo yana jina lake. Sisi tulijua tu kwamba mwili uliozaa umeachwa wazi kama nyumba isiyo na mlango.

Siku moja Mashavu alimshika mkono. "Wifi, na wewe unakunywa lini?"

Sikudhani akacheka kidogo. "Mimi kwangu nani kalia?"

Mashavu hakuridhika. Alimwendea mama mkwe wake, akapiga goti, akasema, "Mama, wifi naye ni mzazi."

Bi Mwanakheri alikuwa anachambua mchele. Hakuinua hata uso. "Mzazi wa nani?"

Alisema hivyo, Mungu amsamehe. Na Sikudhani alikuwa nyuma ya ukuta, akimenya vitunguu. Alisikia. Alimaliza vitunguu vyake, akavitia chunguni.

Siku ya thelathini na mbili chungu kilikuwa kinachemka polepole kama kawaida, na mpishi akaanguka kando yake. Walimbeba ndani, mwepesi kama fungu la ukindu. Hapo ndipo mama alipozinduka. Alikimbia jikoni mwenyewe, moshi na macho yake mabovu, akachota bakuli limejaa, akamwinua kichwa binti yake. "Kunywa, mama yangu. Kunywa, mzazi wangu."

Sikudhani akameza funda moja. Akakunja uso. Akamtazama Mashavu, kisha mama yake.

"Chumvi imezidi," akasema. "Mbona hamkuniambia?"

Mashavu akaangua kilio. Supu ilikuwa imezidi chumvi kwa muda wa majuma mawili. Mkono wa mpishi ulikuwa umeanza kutetemeka, na mwenzake aliinywa kimya ili asimvunje moyo. Sikudhani hakumeza funda la pili. Kabla ya adhuhuri alikuwa ametutoka. Alizikwa kando ya binti yake.

Asubuhi iliyofuata Bi Mwanakheri aliamka akabandika chungu. Watu wakadhani amerukwa na akili. Alikaa nacho kutwa, macho yakimchuruzika. Alasiri alichota bakuli la kwanza, akalipita chumba cha Mashavu, akatoka nalo hadi nyumba ya mwisho, kwa mwanamke aliyezika kichanga chake mwezi uleule, na ambaye hakuna aliyekwenda kumwona. Akaketi naye mkekani. Akamwuliza, "Chumvi imekaaje, mzazi?" Yule mwanamke alilia sana kabla ya kujibu, kwa sababu hakuna aliyekuwa amemwita hivyo.

Tangu alasiri ile, hapa petu, supu haifuati tena kilio cha mtoto, inamfuata aliyezaa. Mpishi anaonja kwanza. Na bakuli la mbele linakwenda kwa yule aliyerudi mikono mitupu, kama yupo, na anayelipeleka haondoki mpaka aulize habari ya chumvi.

Mwaka huu yupo. Mnamjua, mnapita mlangoni kwake mmeinamisha vichwa mkidhani ndiyo heshima. Haya, Zuwena, sasa nyanyua bakuli. Limepoa vya kutosha. Lipeleke kwa Tausi. Usilitue kizingitini ukakimbia, ingia, ukae naye, umwite mzazi. Akisema chumvi imezidi, usibishane naye. Rudi uniambie. Mimi nipo hapa, na moto upo.