Kiboko na Dirisha la Sekunde Tatu

"Enyi mliokaa!"
"Tumekaa, tupe!"
"Na nikidanganya?"
"Danganya vizuri!"

Haya, sogeeni. Atakayecheka kabla ya wakati nitamhamishia mbele, nimwone vizuri.

Hapo kale, wanyama wakiwa na kompyuta na watu bado hawajazipata, palikuwa na mtambo mmoja juu ya kilima. Mtambo huo ulifungua na kufunga mifereji ya maji ya nchi nzima. Hukuhitaji kupanda kilima, mwendo wa siku nzima. Ulikaa kwako, ukawasha kompyuta yako, ukauita mtambo wa kule juu, na dirisha likatokea kwenye kioo: Jina lako nani? Neno lako la siri? Ukijibu, unafungua mfereji wako. Ukichelewa kujibu, pa! dirisha linajifunga, unaanza upya.

Msimamizi wa mtambo alikuwa Kindi, kadogo ka kujaa kiganja. Kindi alijua kwamba mtandao wa mabondeni unavuta miguu, na kwamba Bibi Kobe huitafuta kila herufi kama aliyeangusha sindano. Kwa hiyo alilipangia dirisha lingoje sekunde sitini. Kobe akaandika, ta... ta... ta..., akaingia, maharage yake yakanywa maji. Ndiyo maana kila asubuhi wanyama walimwamkia Kindi kwanza, halafu ndipo wakawaamkia wengine.

Salamu hizo zilimkaa kooni Kiboko, mwenye bwawa kubwa kuliko yote. Alikula, akaona wivu. Aliogelea, akaona wivu. Alilala, akaamka, akakuta wivu umeamka kabla yake. Alijiuliza kiumbe kisichojaza hata tundu la pua yake kinaamkiwaje na nchi nzima.

Akaenda kwa Mama Tembo, mwenyekiti, akalalamika kwamba kazi kubwa inataka mwili mkubwa. Alilalamika Jumatatu. Alilalamika Jumanne. Jumatano Mama Tembo akachoka, akampa usimamizi.

Siku ya kukabidhiana kulikuwa na manyunyu, kwa hiyo Kiboko alipanda kilima bila jua kumchoma ngozi. Akakaa kwenye kiti cha Kindi, kiti kikalia kwii! Kindi alipokiona kiti chake chini ya makalio yale, naye wivu ukamwasha kama pilipili jichoni. Lakini hakuonyesha. Akamwacha Kiboko achague neno lake la siri, kisha akamwonyesha mipangilio, mmoja baada ya mwingine.

"Na hii sitini ni ya nini?" Kiboko akauliza.

"Ni sekunde ambazo dirisha linamngoja mtu. Usiiguse, mzee. Mimi tatu zinanitosha, ila si kila mtu ana vidole vyangu."

Akasogea kwenye kompyuta ya pembeni, tikitikitiki, akaingia kabla Kiboko hajapepesa jicho.

Kiboko akavimba. Tatu zimtoshe Kindi, yeye zisimtoshe? Akafuta sitini, akaandika tatu, akahifadhi. Kindi alimsihi mara moja tu, tena kwa sauti ndogo.

Kesho yake likatoka jua la kupasua mawe. Bibi Kobe akauita mtambo. Ta... pa! Twiga akauita. Ta, ta... pa! Kiboko akauita akiwa bwawani kwake. Dirisha lilitumia sekunde mbili kufika tu, ikabaki moja. Akateremsha kidole chake, kile kinachobonyeza herufi nne kwa mpigo. Du... pa! Akajaribu tena. Du... pa! Siku ya kwanza maji yalimfika shingoni. Siku ya pili yakamfika tumboni. Siku ya nne bwawa lilikuwa tope tupu, na ngozi ya mgongo wake ilianza kupasuka. Angepanda kilima kwenye jua lile, angefia njiani.

Siku zote hizo mfereji wa Kindi ulikuwa ukitiririka, chururu, chururu. Majirani wakampelekea maneno yao ya siri, naye akawaandikia, tikitikitiki, kila mmoja akapata maji yake. Foleni ikaanza chini ya mti wake. Salamu zikaongezeka maradufu, na hilo lilimuuma Kiboko kuliko mgongo.

Siku ya tano, umande ukiwa bado chini, Kiboko akajiburuta mpaka kwenye foleni, akasimama nyuma ya Kobe. Zamu yake ikafika.

"Shikamoo, Kindi," akasema. Wote wakageuka kutazama.

"Marahaba, mzee. Nikusaidie nini?"

"Ingia kwa jina langu, urudishe sitini. Nakufa."

"Nipe neno lako la siri."

Kiboko akainama amnong'oneze. Lakini mnong'ono wa kiboko husikika mpaka bonde la pili.

"Simwonei wivu Kindi," akasema. "Yote pamoja, bila nafasi."

Bibi Kobe akarudisha kichwa ndani ya gamba, akachekea huko.

Kindi akaandika herufi zote kumi na saba katika ile sekunde moja iliyobaki. Akaingia, akarudisha sitini. Na kwa kuwa alikuwa ndani kwa jina la msimamizi, akajirudishia na usimamizi wenyewe. Maji yakaja bwawani, gubu, gubu, gubu. Kiboko akazama mpaka masikio, na kwa siku tatu alitoa pua tu.

Fundisho ni hili: kumwonea mwenzako wivu ni vibaya sana. Lakini ukishindwa kujizuia, basi mwonee wivu wa herufi chache, uumalize kabla dirisha halijafungwa.

Nami nilipita hapo, nikanywa maji ya mfereji wa Kobe, nikaja kuwaambia. Nimemaliza. Aliyeamini, shauri yake.