Mgeni Aliyeezekewa Shule

Paukwa.

Pakawa.

Mmeitikia kama watu walioazimwa sauti. Haya, tena. Paukwa.

Pakawa.

Hapo zamani za kale, kale ya juzijuzi maana Kiingereza kilikuwa kimekwisha fika, palikuwa na kijiji kilichopenda wageni. Kupenda wageni si kosa. Lakini kipo kijiji kinachompenda mgeni, na kipo kijiji kinachopenda ubwabwa wa mgeni. Hiki kilikuwa cha pili.

Kijiji kilitaka shule. Si ile ya kujifunza kuandika jina lako, hiyo walikuwa nayo. Walitaka sekondari, shule kubwa, ili watoto wao wasipelekwe kusoma mbali, wakarudi wameota ndevu na kusahau kuamkia. Wakaomba mwalimu, mwalimu akaja. Mwalimu Yonathani, mwembamba, mpole, mwenye kikohozi na kitabu kimoja cha Kiingereza. Wanaume wakasimamisha kuta za udongo na mawe. Wanawake wakasuka makuti, wakayarundika pembeni. Kuta zikanyooka, zikapendeza.

Hapa mniulize: na paa?

Na paa?

Halipo.

Halipo kwa sababu Jumbe Kibwana, mkuu wa kijiji, alisema shule haiwezi kuanza bila jiwe la msingi, na jiwe la msingi haliwekwi na mtu mdogo. Akaalikwa Mudiri, mtawala wa serikali wa eneo lile. Sasa kijiji kile kilikuwa na mila. Mgeni haketi juani, hujengewa kivuli. Kivuli chenyewe kiwe kipya. Mgeni akiaga tu, kivuli hubomolewa siku hiyohiyo, ili mgeni mwingine asije akaketi penye joto la mwenzake. Makuti yake hugawiwa watu: huyu akafunike kuku, yule akawashie moto.

Na makuti ya kivuli cha Mudiri yalitoka wapi? Mnajua yalitoka wapi.

Mudiri akaja. Akaweka jiwe, akahutubia. Wakala, wakashiba, wakanawa. Mudiri akaenda zake, makuti yakaenda kwa kuku.

Na paa?

Halipo.

Masika yakaingia, shwaaa, kuta zikayeyuka kama sukari guru. Shule ikafungwa, watoto wakarudi mashambani kufukuza ndege kwenye mpunga. Jua liliporudi, kuta zikajengwa tena, makuti yakasukwa tena. Lo, Mudiri amehamishwa. Mudiri mpya naye anataka jiwe lake. Kivuli kikajengwa. Wakala, wakashiba, wakanawa.

Na paa?

Halipo.

Mwaka uliofuata akaja mkubwa wa barabara. Kwa nini mkubwa wa barabara aweke jiwe la shule, hakuna aliyejua, na hakuna aliyeuliza, maana mbuzi alikuwa amekwisha chinjwa. Mawe ya msingi yakawa mengi, yote yana majina. Shule ilikuwa na misingi mingi kuliko msikiti mkuu wa mjini, na haikuwa na hata ukuti mmoja juu yake.

Na wanafunzi je? Wanafunzi kila mwaka walianza kidato cha kwanza. Kila mwaka walifungua ukurasa wa kwanza wa kile kitabu, nao ukurasa wa kwanza unasema kwamba ng'ombe yuko malishoni. Kabla hawajafunua wa pili, mvua hiyo. Wakaujua ule ukurasa kwa moyo. Ng'ombe yuko malishoni. Wavulana walianza kubalehe, ng'ombe bado yuko malishoni.

Kijijini palikuwa na bibi kizee, jina lake Binti Mbonde. Ndiye aliyekuwa mkubwa wa wasuka makuti. Vidole vyake vilikuwa vigumu kama mizizi, na sauti yake hakuipandisha hata siku moja. Alikuwa na mjukuu, Nuru, msichana aliyekwisha anza kidato cha kwanza mara nyingi kuliko adabu inavyoruhusu kutaja.

Jioni moja bibi alimuuliza, "Ng'ombe karudi?"

"Bado, bibi. Yuko malishoni."

"Huyo keshaibwa," akasema Binti Mbonde.

Mwaka huo Mwalimu Yonathani akaenda kwa Jumbe.

"Bwana Jumbe, masika haya yakinikuta sina paa, naondoka. Sitarudi, wala hamtapata mwingine. Nimeambiwa huko mjini, shule isiyo na paa inafutwa."

"Mwalimu, haraka ya nini? Mwezi ujao anakuja Bwana Liwali mwenyewe, mkubwa wa Mudiri, kuweka jiwe. Huyu atakuwa wa mwisho."

"Hata yule wa barabara ulisema wa mwisho."

"Alikuwa wa mwisho wakati ule."

Mwalimu akakohoa, akaenda kufunga mzigo wake. Nuru akaona, akakimbia kumwambia bibi yake. Alipofika alilia, akasema Mwalimu anafunga mzigo. Binti Mbonde akatazama wingu upande wa mashariki, akachukua mkongojo, akaenda kwa Jumbe.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mgeni anakuja."

Jumbe akakaa vizuri. "Mgeni gani?"

"Mkubwa. Akija huyu, hata Liwali hukunja kanzu."

"Ebo. Na mimi sina habari? Anafika lini?"

"Kesho, jua likipinda. Lakini ana masharti. Kivuli chake kijengwe juu ya zile kuta za shule, kizifunike zote, na makuti yapandane mara mbili."

"Juu ya kuta? Kwa nini asifikie kwangu?"

"Huko ndiko anakofikia kila akija. Muulize Mwalimu, yeye humpokea kila mwaka."

Jumbe hakumuuliza Mwalimu. Jumbe alipiga ngoma. Ndi, ndi, ndi, mgeni anakuja.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo ninapokereka. Watu walioshindwa kuiezeka shule miaka nenda miaka rudi, huyu mgongo, yule kesi, yule mke kajifungua, kesho yake asubuhi walitoka wote. Mgongo ulipona. Kesi iliahirishwa. Mke aliyejifungua alikuja na mtoto mgongoni.

Lete boriti. Boriti hii. Lete fito. Fito hizi. Kaza kamba. Imekaza. Twa, twa, twa. Ukuti juu ya ukuti, ukuti juu ya ukuti. Jua lilipopinda kivuli kilikuwa tayari, na mzee mmoja akakisifu, akasema hajaona kivuli kizuri kama kile tangu azaliwe. Wakavaa kanzu, wakavaa kanga mpya, wakaingia wakaketi. Wakangoja.

"Bibi," akasema Jumbe, "mgeni wako mbona kimya?"

"Msikilize. Yuko njiani."

Ndu, ndu, ndu-ndu-ndu, huko mashariki.

"Anakuja na ngoma," akasema Jumbe, akapendezwa sana.

Mara ta. Ta. Ta-ta-ta. Shwaaaa.

Maji yalishuka nje kama pazia. Ndani halikudondoka tone.

"Bibi," akasema Jumbe polepole. "Hii ni mvua."

Binti Mbonde alikuwa amegeukia mlangoni. "Karibu, mgeni," akaiambia mvua. "Umetukuta mwaka huu."

"Umetudanganya."

"Nimekudanganya nini, mwanangu? Nilisema ni mkubwa. Ni mdogo huyu? Nilisema Liwali hukunja kanzu. Hakunji?"

"Ungesema ni mvua."

"Ningesema ni mvua, mngekuja?"

Watu walitazama juu kwenye makuti, kila mmoja akaona pale alipofunga kamba yeye.

Mwalimu Yonathani naye alikuwa ndani, amekalia mzigo wake. Akaufungua. Akatoa kitabu, akampa Nuru. Nuru akasimama mbele ya watu wazima wote, akausoma ukurasa wa kwanza bila kuutazama. Kisha akaufunua. Karatasi ya pili ilikuwa imegandamana, akaibandua taratibu kwa ukucha. Akasoma kwa Kiingereza, akakwama, akasoma tena. Halafu akamgeukia bibi yake.

"Anarudi, bibi. Ng'ombe anarudi zizini."

"Alhamdulillahi," akasema Binti Mbonde. "Nilidhani kafa."

Mvua ilipotulia kidogo, Jumbe akakumbuka Liwali. Akatuma vijana wakabomoe kivuli wajenge kipya. Wakamkuta Binti Mbonde mlangoni na mkongojo wake.

"Mila inasemaje?"

"Mgeni akiaga, kivuli hubomolewa."

"Na asipoaga?"

"Hakiguswi."

"Haya. Nani kati yenu ameisikia mvua ikiaga?"

Vijana wakatazamana, wakaenda kumpelekea Jumbe swali hilo. Mpaka leo hajapata jibu.

Liwali alipofika mvua ilikuwa imepumzika siku kadhaa, akakuta jua na vumbi. "Kivuli changu kiko wapi?"

"Kina mgeni, bwana," akajibu Jumbe, jasho linamtiririka.

"Mgeni gani wa kunizidi mimi?"

Akaingia aone. Akakuta watoto wanasoma, akaketi nyuma kwa sababu mbele pamejaa. Somo lilipokwisha akauliza jiwe lake aliweke wapi.

"Mawe ya msingi tunayo, bwana," akasema Binti Mbonde. "Hata hilo ulilokalia."

Shule ile ipo. Siku hizi ina bati, na ofisini kuna ubao wa historia wenye majina ya wakubwa wote, yule wa barabara akiwemo. Binti Mbonde hayumo. Lakini kila mwaka, wingu likisimama mashariki, wazee wa kijiji hupanda wakaligonga bati, twa, twa, wakitafuta panapovuja. Ukiwauliza wanafanya nini, watakwambia: tunatengeneza kivuli, mgeni anakuja.

Funzo lake ni fupi, na inaudhi kwamba lahitaji kusemwa. Mwanao mjengee kwa ile haraka unayomjengea mgeni.

Hadithi yangu naikalisha hapo. Ikitaka kuondoka, itaaga yenyewe.