Herufi Baada ya 150

Jambo la mwisho la kawaida siku ile lilikuwa kitambaa cha meza. Tusekile alikuwa juu, kwenye roshani ya nyumba yao mpya, akamwomba mumewe aliyekuwa uani amrushie. Mwalimu Ambilikile akarusha. Kitambaa kikamrudia usoni, na wanawake wa kwaya waliokuwa juu wakaangua kicheko.

"Miaka yote hiyo darasani, kurusha hukufundishwa?" Tusekile akasema.

Akarusha tena. Tusekile akakidaka.

Mchana huo nyumba ilikuwa inabarikiwa. Mwalimu alikuwa amestaafu, na nyumba hiyo aliisimamia mwenyewe tangu msingi. Alipofika shemeji yake Anyosisye, kaka wa Tusekile, ambaye ni mhandisi wa majengo, hata chai hakupewa. Alitandaziwa ramani kwanza.

"Tazama hapa kwenye roshani," Mwalimu akasema, kidole kikiwa palipoandikwa Y12-150 T. "Nondo za unene wa milimita kumi na mbili. Kutoka moja hadi nyingine, milimita mia moja na hamsini. Siku ya kumwaga zege nilishika futi kamba mwenyewe, nikapima kila nafasi. Fundi Lutengano ni shahidi."

"Alinitesa," akasema Fundi Lutengano, sambusa ikiwa mdomoni.

"Na hii T?" Anyosisye akauliza.

"Hiyo? Nadhani ni alama tu ya mchoraji."

Anyosisye akaisogelea ramani. "Nondo mlizilaza wapi, shemeji? Karibu na uso wa juu wa zege, au chini?"

"Chini," fundi akajibu. "Kama sakafu zote. Uzito si unaelemea chini?"

Anyosisye akainua macho. Roshani ilikuwa imechomoza kutoka ukutani, bila nguzo hata moja. Akaokota kijiti, akakishika ncha moja, akaibonyeza ile nyingine kwa kidole. Kijiti kikavunjika. Ufa ulianzia upande wa juu.

"T ni kifupi cha 'top' ya Kiingereza, yaani juu," akasema kwa sauti ndogo. "Sakafu iliyokalia kuta pande zote huanza kupasuka chini, kwa hiyo nondo zake hukaa chini. Roshani kama hii hupasukia juu. Nondo zenu zimelala mahali ambapo hazishiki kitu."

Wakati huohuo mpiga picha, aliyekuwa amesimama katikati ya uwanja, alikuwa akipaza sauti kwa wanakwaya. "Sogeeni mbele! Wa nyuma siwaoni! Njooni hadi kwenye ukingo!"

Nao wakasogea.

Mwalimu akapiga hatua moja kuelekea ngazi, akasimama. Akipiga kelele, wangekimbia wote kwa pamoja, na kishindo hicho kingetosha. Akipanda kuwatoa, angeongeza uzito wake. Fundi Lutengano alifungua kinywa. Anyosisye akamkamata mkono.

Mbele za watu, siku zote Mwalimu alimwita mkewe Mama Lugano. Hakuna aliyewahi kumsikia akimwita vinginevyo.

"Tusekile," akaita.

Kicheko cha Tusekile kikakatika. Alimtazama mumewe, kisha akamtazama kaka yake, ambaye alikuwa ameinua kiganja na kukishusha polepole.

"Jamani," Tusekile akawaambia wenzake, "mpiga picha huyu atatutoa weusi kama masizi, jua liko nyuma yetu. Twendeni tukapigie chini. Mmoja mmoja, msikanyagane, najua viatu vingine hapa vya kuazima. Bibi Subilaga, tangulia."

"Mimi nimeshapanga mkao wangu," Bibi Subilaga akasema, bila kuondoka.

"Utaupanga tena, mama yangu. Nakuomba."

Bibi Subilaga akageuka, akalalamika, akarudi kuchukua mkoba wake ukingoni, kisha akaingia ndani. Wengine wakamfuata. Mwalimu alitazama miguu tu. Kila mguu uliponyanyuka aliona mwingine ukikanyaga. Tusekile, kwa kuwa ndiye mwenyeji, alibaki wa mwisho. Mwalimu alitaka kumwita tena, lakini akaiogopa hata sauti yake.

Tusekile akavuka kizingiti.

Hakuna kilichoanguka. Roshani ilibaki palepale, nyeupe, imepakwa rangi vizuri.

Fundi Lutengano akashusha pumzi, kisha akacheka. "Imesimama tangu masika, nyie mnatutia hofu bure! Ngojeni nikaruke pale juu mwone."

Tusekile alikuwa ameshafika uani. "Kuna nini?"

"Dada," Anyosisye akamwuliza, "pale mlangoni, roshani inapoungana na nyumba, umewahi kuona ufa?"

"Ule? Niliuziba kwa saruji. Ukarudi, nikauziba. Jana nimeuziba tena ili wageni wasiuone." Akamgeukia mumewe. "Sikutaka kukwambia. Ulikuwa unaionea fahari sana hii nyumba."

Fundi hakuzungumza tena habari ya kuruka. Alikwenda mwenyewe kutafuta nguzo za mirunda, akaitegemeza roshani kwa chini hadi siku ya kuibomoa. Mwalimu akaugongomea misumari mlango wa roshani. Kisha akasimama sebuleni, akitazama dari, akifikiria sehemu zote nyingine za zege alizozipima kwa mkono wake.

Asubuhi iliyofuata alikwenda na Tusekile kwa mchoraji wa ramani. Akaikunjua mezani, akaweka kidole kwenye ukurasa wa kwanza, juu ya upana wa mlango wa mbele.

"Nisomee kipimo hiki," akasema.

"Lakini hiki unakijua, Mwalimu," mchoraji akasema.

"Nakijua. Nisomee hivyohivyo."

Funzo: Ukishaelewa sehemu kubwa ya maandishi, hapo ndipo uongeze uangalifu, uulize na kilichobaki kabla zege halijakauka. Na anayekupenda akiona ufa, asiogope kukwambia.