Kosa Moja Lililobaki kwa Koku

Soma mpaka mwisho ndipo umtumie mwenzako. Wapo watakaosema nawasema wao. Sikatai.

Katika karakana moja ya Moshi inayotengeneza masufuria makubwa ya mvuke, yale ya kupikia ugali wa shule za bweni, palikuwa na wachoraji wawili waliochora kwa kompyuta. Mbonea alikuwa na miaka kumi na miwili pale. Hakusomea popote; alianza kwa kuchomelea vyuma, akajifunza kuchora kwa kuchungulia na kuuliza. Kokushubira, ambaye wote walimwita Koku, alikuwa na miezi minane tu.

Kiti cha mkuu wa chumba cha michoro kilikuwa wazi. Mwenye karakana, Mama Lyatuu, akasema hatampa mtu kwa kujuana. Akawapa wote wawili mchoro mmoja wa sufuria kutoka kwa mteja, uliochorwa kwa programu nyingine. Kabla bati halijakatwa, kompyuta ilipaswa kuligawa umbo lile vipande vidogo vidogo kama wavu, ndipo ipime kama litahimili mvuke. Lakini mchoro ukihama programu hufika umechanika: uso huu haugusi ule, mstari huu umepanda juu ya mwingine. Kompyuta ikahesabu makosa arobaini na moja, ikagoma.

"Nataka wavu safi kufikia saa kumi," akasema Mama Lyatuu. "Hapo nitajua kiti ni cha nani."

Mbonea alianza vizuri, akikuza kila mshono na kuuziba kwa mkono. Tatizo ni kwamba skrini ya Koku ilikuwa mbele yake. Kila akiziba kosa moja alinyanyua macho kuona mwenzake amebakiza mangapi. Thelathini. Kumi na tisa. Sita. Moyo ukawa unamwaka. Miaka kumi na miwili, aipoteze kwa mtu aliyeingia juzi! Akamwuliza kama kuna anayemsaidia. Koku akajibu bila kugeuka kwamba hakuna, na kaka Mbonea atazame kazi yake.

Saa nane, kwa Koku likabaki kosa moja. Kwa Mbonea yalibaki kumi na mawili. Akabonyeza kitufe cha kurekebisha yote kwa mpigo, kitufe ambacho yeye mwenyewe aliwakataza watu miaka yote, kwa sababu huziba bila kuuliza. Makosa yakawa sifuri. Wavu ukakubali.

"Dada Koku, hilo moja tu limekushinda? Tukuitie fundi?" akasema Mbonea.

Watu wakacheka. Koku akachukua simu akatoka nje.

Saa kumi Mama Lyatuu akaizungusha sufuria ya Mbonea kwenye skrini. Kisha akamwuliza Koku kwa nini hana wavu. Koku akaeleza kwamba mpasuo ule wa mwisho, chini ya shingo ya mfuniko, kingo zake zimenyooka sambamba mwanzo hadi mwisho, na mchoro uliochanika hauchaniki hivyo. Ndiyo maana alitoka nje kumpigia mteja. Mteja akasema ni wa makusudi: ndipo mvuke unapotokea nje ukizidi. Kompyuta ilidhani ni kosa.

Kitufe kile kilikuwa kimeuziba kwenye mchoro wa Mbonea. Sufuria ya Mbonea haikuwa na pa kupumulia. Ingepasuka mbele ya wapishi.

"Kiti ni cha Koku," akasema Mama Lyatuu. Akamgeukia Mbonea. "Na wewe, miaka yote hii. Mpasuo ule hukuuona?"

 Mbonea hakudanganya, hilo nampa.

"Niliuona, Mama. Niliuona kwenye skrini ya Koku. Kwenye yangu sikuutazama."

Funzo: Wivu haumpunguzii mwenzako kitu; unakuondolea wewe macho kwenye kazi yako, na kazi isiyotazamwa huja kumwumiza asiyehusika.